Sir John Herschel, Mtu Aliyeifanya Picha Idumu
(Na Katibu wa Chama cha Picha, Kidato cha Sita)

Katika kurasa hizi mmekwisha kusoma habari za wafalme, wasafiri na washairi. Leo nataka kuwasimulia maisha ya mtu ambaye jina lake halitajwi sana madarasani, ingawa kila mwenye picha ya baba au ya babu ukutani ana deni kwake. Mtu huyo ni Sir John Herschel, Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1792 na kufa mwaka 1871. Vitabu vingi humtaja kuwa mtaalamu wa nyota. Mimi nilimjua kwa njia nyingine, kwa kuwa kazi yangu ya kila juma katika chama chetu ni kuosha filamu na kuzikausha.

Katika Kiswahili twasema kusafisha picha, au kuosha picha, tukiwa na maana ya kazi yote tangu filamu inapotoka katika kamera hata sura zinapoonekana. Wageni wa kazi hii hudhani kuwa ni namna ya kusema tu. Lakini walioanza kusema hivyo waliona vema. Kuosha ni nusu ya kazi, tena ni nusu ile inayoamua kama picha itaishi miaka miwili au miaka mia. Jambo hilo limefungamana na maisha ya Herschel, kama mtakavyoona.

John Herschel alizaliwa tarehe 7 Machi 1792 katika mji wa Slough, si mbali na London. Nyumba aliyozaliwa haikuwa nyumba ya kawaida. Baba yake, William Herschel, alitoka Hanover katika nchi ya Wajerumani akiwa mpiga muziki, kisha akajifunza mwenyewe kutengeneza darubini, na mwaka 1781 akaivumbua sayari ya Uranus. Shangazi yake, Caroline, alikuwa msaidizi wa kaka yake, naye akavumbua nyota zenye mkia 8. Uwanjani kwao ilisimama darubini kubwa yenye urefu wa futi 40, ambayo watu walitoka mbali kuja kuitazama. Mtoto huyo, aliyekuwa wa pekee kwa wazazi wake, alikua katika kivuli cha chombo hicho.

Mwaka 1809 aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge, na mwaka 1813 akashika nafasi ya kwanza katika mtihani mkuu wa hisabati. Rafiki yake mmoja hapo chuoni alikuwa Charles Babbage, yule aliyebuni baadaye mashine za kuhesabu. Baada ya masomo Herschel alijaribu sheria, akaiona haimfai, akarudi kwenye sayansi. Baba yake alikuwa mzee, na kazi ya kuzichunguza nyota ilihitaji mrithi. Basi kijana akaupokea mzigo huo kwa utii, lakini moyo wake ulipenda kemia vilevile.

Mwaka 1819, akiwa na umri wa miaka 27, aliandika habari za dawa iliyoitwa haiposulfaiti ya soda. Wanakemia wa siku hizi huiita sodiamu thiosalfeti. Herschel aligundua kuwa dawa hiyo ina uwezo wa ajabu: huyeyusha chumvi za fedha. Ndugu msomaji, ili uone ukubwa wa jambo hilo, ujue kwamba chumvi za fedha zinazotumika katika picha haziyeyuki katika maji matupu. Waweza kuziosha kutwa kucha na zisitoke. Lakini ukizitia katika dawa ile, huyeyuka kama sukari katika chai. Wakati ule hakuna aliyejua faida yake. Herschel aliyaandika aliyoyaona, akayaweka akiba, akaendelea na kazi nyingine. Akiba hiyo ilikaa miaka 20.

Kwanza alikuja kwetu Afrika. Baba yake alikuwa amezichunguza nyota zinazoonekana kutoka Uingereza, lakini nyota za kusini hazionekani huko. Mwana akanuia kuimaliza kazi ya baba. Mwezi wa Novemba 1833 alipanda meli pamoja na mke wake, Margaret, na watoto wao, wakiwa na darubini ya futi 20, na mwezi wa Januari 1834 wakafika Rasi ya Tumaini Jema. Alisafiri kwa gharama yake mwenyewe. Walikaa katika shamba lililoitwa Feldhausen, chini ya Mlima wa Meza, muda wa miaka minne.

Usiku alikuwa akizihesabu nyota, na mchana alichora maua ya nchi ile. Yeye alichora mistari kwa msaada wa chombo chenye kioo, na mke wake akatia rangi. Mwaka 1836 kijana mmoja aliyekuwa akizunguka dunia kwa meli alipita hapo kumwamkia; kijana huyo alikuwa Charles Darwin. Herschel alishiriki pia katika mashauri ya kuanzisha shule za serikali katika nchi ile. Leo mahali iliposimama darubini yake pana mnara wa mawe uliojengwa mwaka 1842, nao uko katika kiwanja cha shule ya msingi. Nimefurahi kujua kwamba ukumbusho wake wa Afrika unazungukwa na watoto wa shule.

Wakati huohuo, huko Marekani, alipata sifa asiyoitaka. Mwaka 1835 gazeti la The Sun la New York lilichapa hadithi ndefu ya uongo, likidai kwamba Herschel ameona mwezini watu wenye mabawa kama popo. Watu wengi walisadiki. Yeye mwenyewe alikuwa mbali, hana habari. Matunda ya kweli ya kazi yake yalitoka mwaka 1847 katika kitabu kikubwa, chenye habari za makundi na mawingu ya nyota 1,707 na nyota pacha 2,102. Uongo ulichapwa mara moja; ukweli ulingoja miaka kumi na zaidi.

Sasa nafika mahali ambapo maisha yake yanagusa chumba chetu cha giza. Herschel alirudi Uingereza mwaka 1838. Mwezi wa Januari 1839 ilitangazwa Paris kwamba Mfaransa Daguerre ameweza kuinasa sura ya vitu kwa nuru ya jua. Namna ya kufanya haikutajwa. Huko Uingereza bwana mwingine, Henry Talbot, alikuwa ameipata njia yake mwenyewe ya kunasa picha katika karatasi. Lakini wote walikuwa na taabu moja. Chumvi ya fedha hugeuka nyeusi ikipigwa na nuru. Sehemu iliyopigwa ndiyo picha. Sehemu isiyopigwa ni nyeupe. Haya, utaitazamaje picha yako? Ukiitoa mchana, zile sehemu nyeupe nazo zapigwa na nuru, zageuka, na sura yote yamezwa na giza. Talbot alituliza picha zake kwa chumvi ya chakula na dawa nyingine, lakini hazikutulia kabisa.

Herschel alipopata habari hizo hakungoja kuambiwa siri. Alifungua akiba yake ya mwaka 1819. Tarehe 29 Januari 1839 alichukua karatasi yenye chumvi ya fedha, akaifunika nusu, akaiweka juani. Kisha akainyunyizia ile dawa, akaiosha vizuri kwa maji safi, akaikausha, akairudisha juani. Nusu nyeusi ilibaki nyeusi, nusu nyeupe ikabaki nyeupe, hata jua likiwaka namna gani. Hebu tazama mfuatano wa kazi: dawa, maji safi, kukausha. Kazi tunayoifanya sisi leo ni ileile.

Tarehe 1 Februari Talbot alikwenda kumtembelea Slough, na Herschel akamwonyesha yote. Hakuficha, wala hakutaka malipo. Talbot akaipokea njia hiyo, na Daguerre naye akaipokea. Ndugu zangu, mimi naona hapa ndipo ukubwa wa mtu huyu ulipo. Siku zile watu walishindana sana juu ya nani wa kwanza na nani apewe fedha. Talbot mwenyewe mwaka 1841 alijipatia haki ya kisheria juu ya njia yake, ili kila aitumiaye amlipe. Herschel aliitoa yake bure.

Maneno pia alitupa. Tarehe 14 Machi 1839 taarifa yake ilisomwa mbele ya Jumuiya ya Kifalme ya London, na humo alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kulitumia neno ‘fotografia’. Mwaka 1840 akaleta maneno ‘negativu’ na ‘positivu’, ambayo tunayatumia hadi leo. Mwezi wa Septemba 1839 alifanya picha juu ya kioo, nayo ipo hata sasa. Inaonyesha ile darubini ya baba yake ya futi 40, muda mfupi kabla haijabomolewa. Ili kukipaka kioo kile, aliacha unga wa fedha utulie wenyewe ndani ya maji, akayaondoa maji polepole sana, kisha akaacha kioo kikauke bila kuguswa. Mtu mwenye haraka asingeipata picha hiyo.

Dawa ile wapiga picha waliikata jina wakaiita haipo. Nalo ni jina zuri kwetu sisi tusemao Kiswahili, maana sheria yote ya kuosha imo ndani yake: usiache kuosha mpaka haipo iwe haipo kweli. Kwa sababu dawa hiyo ni rafiki kwa dakika chache tu. Ikikwisha kula chumvi ya fedha isiyotakiwa, kazi yake imekwisha. Ikiachwa ndani ya filamu au karatasi, ile salfa iliyomo huanza polepole kuila fedha ya picha yenyewe. Picha hugeuka kuwa ya manjano, kisha hufifia. Watu wa zamani walijifunza hayo kwa uchungu. Kufika mwaka 1855, picha nyingi za miaka ya kwanza zilikuwa zinakufa, hata Chama cha Wapiga Picha cha London kikaunda halmashauri ya kuchunguza sababu. Iliona kwamba sababu kubwa ni haipo iliyobaki kwa kutoosha vema.

Jambo hilo si la Uingereza peke yake. Mwaka jana mzee mmoja wa kijiji cha jirani alituletea picha ya marehemu mke wake, akitaka tuichapishe upya. Ilikuwa imesafishwa mjini zamani, na aliyeisafisha hakuiosha sawasawa. Nguo ilionekana, kiti kilionekana, lakini uso ulikuwa umekwisha kuwa doa la manjano. Hakuwa na picha nyingine. Mwalimu wetu alimweleza kwa upole kwamba fedha iliyokwisha kuliwa namna hiyo hatuna njia ya kuirudisha. Mzee alishukuru, akaikunja picha katika kitambaa, akaenda zake. Tangu siku ile hakuna mwanachama aliyethubutu kusema kwamba kuosha ni kazi ya watoto.

Basi nawaeleza tunavyofanya, ili wenye kusafisha filamu nyeusi na nyeupe nyumbani wapate msaada. Kwanza, dawa ya kukazia iwe bado ina nguvu. Twakata kipande kidogo cha filamu mpya, twakitia humo na kuhesabu muda wa kung’aa kwake. Filamu yenyewe twaiacha mara mbili ya muda huo. Dawa iliyochoka huacha ndani ya filamu vitu ambavyo maji hayawezi kuvitoa. Pili, maji ya kuoshea yawe na joto lilelile la dawa. Utando wa filamu ni jelatini, nao hufura ukilowa. Ukiutoa katika maji ya vuguvugu na kuutia ghafula katika maji baridi, waweza kupasukapasuka vidogovidogo.

Tatu, si lazima bomba limwage maji saa nzima. Haipo hutoka katika jelatini polepole na kuingia katika maji, mpaka pande zote mbili ziwe sawa. Hapo maji hayo hayana faida tena, yamwagwe. Tuseme kila mara ubadilishapo maji inabaki sehemu moja ya kumi. Mara ya kwanza inabaki 1/10, ya pili 1/100, ya tatu 1/1,000. Ndiyo maana kampuni ya Ilford hufundisha njia hii: jaza maji katika tangi dogo, lipindue mara 5, mwaga, jaza tena, pindua mara 10, mwaga, jaza tena, pindua mara 20, mwaga. Sisi huongeza mara mbili nyingine kwa usalama. Wakati wa kiangazi, tunapochota maji kwa zamu, njia hii hutuokoa sana.

Nne, maji ya mwisho. Maji ya kisima chetu yana chokaa, na tone likikauka juu ya filamu huacha doa jeupe litakaloonekana katika picha kama ugonjwa wa ngozi. Kwa hiyo twachukua maji ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa safi, twatia tone moja tu la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, na kuilaza filamu humo dakika moja. Sabuni hufanya maji yateleze yote pamoja, yasishike matone. Likizidi tone moja, sabuni yenyewe huacha alama.

Tano, kukausha. Adui hapa ni vumbi, na barabara zetu nyekundu mnazijua. Jelatini iliyolowa ni kama ulimbo. Chembe ikinata haitoki. Sisi hukausha katika bafu. Kwanza twanyunyiza maji sakafuni na ukutani ili vumbi litulie, twafunga dirisha, kisha twaitundika filamu kwa kibanio cha nguo, na kibanio kingine chini ili isijikunje. Hatuifuti kwa kitambaa, hatuipepei, wala hatuianiki juani. Twafunga mlango na kwenda kusoma. Baada ya saa tatu au nne huwa imekauka. Twaikata vipande vya picha sita sita, tukiishika kingoni tu.

Juu ya alama za vidole kuna habari ya kuchekesha. Mtoto mmoja wa Herschel, William James, alikuwa mtumishi wa serikali huko Bengal, na tangu mwaka 1858 alianza kuwafanya watu watie alama za mkono na vidole katika mikataba, akawa miongoni mwa walioanzisha kazi hiyo. Baba aliifanya picha idumu. Mwana akathibitisha kwamba kidole cha kila mtu hujulikana. Nasi katika chama twajua vidole vya nani viko katika negativu ipi.

Turudi kwa baba. Mwaka 1842 Herschel alivumbua namna nyingine ya picha, ya rangi ya buluu, itumiayo chumvi za chuma, ambayo huoshwa kwa maji matupu. Mwanamke aitwaye Anna Atkins, rafiki wa jamaa yake, aliitumia kuanzia mwaka 1843 kutolea kitabu cha picha za mimea ya baharini. Na baadaye mainjinia wakaitumia miaka mingi kunakili ramani za majengo. Mwaka 1850 Herschel alipewa kazi ya kuwa mkuu wa nyumba ya kupigia sarafu, kazi aliyowahi kuishika Isaac Newton. Ilimchosha mno, afya yake ikaharibika, akaiacha mwaka 1855. Alirudi nyumbani kwake Collingwood, katika jimbo la Kent, kwa mke wake na watoto wao, ambao kwa jumla walikuwa 12, akaendelea kuandika orodha za nyota.

Mwaka 1867 rafiki yake wa tangu siku za Rasi, Bibi Julia Margaret Cameron, alikwenda huko kumpiga picha. Inasimuliwa kwamba alimtaka kwanza aoshe nywele zake nyeupe, ili zisimame kama mwanga kuzunguka kichwa. Mzee akakubali. Picha hiyo ipo, nami kila niionapo nafikiri kwamba aliyewafundisha watu kuosha picha alioshwa mwenyewe kabla ya kupigwa. Alifariki tarehe 11 Mei 1871, akazikwa katika kanisa la Westminster Abbey, karibu na kaburi la Newton.

Wasomaji wapenzi, maisha haya yanatufundisha mambo mawili. Moja, elimu isiyo na faida leo iwekwe akiba kwa uaminifu. Haipo ilingoja miaka 20 kabla ya kuhitajiwa. La pili, kazi ya mwisho, ile isiyosifiwa na mtu, ndiyo inayolinda kazi zote zilizotangulia. Upigaji wa picha ni wa sekunde moja. Kuosha na kukausha ni subira.

Na kwenu, ndugu mliomaliza zamani, nina ombi. Kama mnazo negativu nyeusi na nyeupe za siku zenu hapa shuleni, na sura bado zaonekana wazi, zitazameni. Zikianza kuwa na rangi ya manjano, msizitie majini ninyi wenyewe ikiwa utando umeanza kubanduka; zileteni kwa mwalimu wa chama chetu. Zile zinazofaa tutazikazia upya, tutaziosha na kuzikausha bila malipo, kama Herschel alivyotoa dawa yake bila malipo. Zileteni mapema, kabla nyuso hazijaondoka.